Prof na Kurasa za Wachanga

Prof alikuwa na mkono mwepesi wa kufuta. Nalisema hilo kwanza kwa sababu watu wa Masisi wakimtaja huanza na upole wake. Upole ulikuwepo, sikatai, lakini mimi alinifutia kazi ya wiki tatu. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu ya mpose, lile buu nene la ndani ya mchikichi ambalo Walikale nzima inalikaanga na kulisifu. Nikauweka mtandaoni Jumamosi. Jumapili baada ya misa haukuwepo tena, na mahali pake palikuwa na mstari mmoja tu: "Huyu ni mtoto. Tazama mkubwa wake."

Nijieleze kidogo. Baba yangu alitoka Butembo akiwa kijana, akafungua duka la sabuni, chumvi na vitenge Masisi-centre. Nilipolirithi nililiongezea mashine ya fotokopi, paneli mbili za sola juu ya bati na kompyuta moja nzito ambayo sisi tunaiita mashini. Prof alikuwa amenifundisha biolojia miaka minne. Nilipomaliza shule hakuacha kunifundisha, alilihamisha tu darasa likaja dukani, kwenye stuli kati ya gunia la chumvi na mashini, akaanza kuniita Mama Butiki, mama wa duka. Walimu wote wa sekondari kwetu wanaitwa Prof, lakini ukilitaja neno hilo bila kuongeza jina, kila mtu alijua unamsema nani.

Tulichokuwa tunaandika ni ensaiklopidia ya viumbe, ya Kiswahili, ya mtandaoni. Waandishi ni watu wa kujitolea: sisi wawili Masisi, mwalimu mmoja wa Bukavu, na wengine wachache walio miji ambayo sijafika. Prof na yule wa Bukavu ndio walioianzisha, na kati yao wawili ni Prof aliyekuwa na ufunguo, yaani neno la siri linalomruhusu mtu kufuta ukurasa wa mwenzake na kubadili sheria. Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: kila kiumbe ukurasa mmoja, na ukurasa huo ni wa kiumbe aliyekomaa. Kiluwiluwi akae kwa chura, kifaranga kwa kuku, mche kwa mti. Wapewe mistari miwili chini kabisa, baada ya chakula na makazi, kama wageni waliochelewa karamu.

Ukimuuliza sababu, alikuwa na hadithi ya mtihani. Mwanafunzi mmoja aliulizwa ataje wanyama wawili wa majini. Akaandika: chura, na kiluwiluwi. Prof alimpa sifuri, mwanafunzi akalia, na Prof akasema kosa si la mwanafunzi, ni la vitabu vinavyowachora kila mmoja peke yake. Hadithi hiyo aliisimulia kila mara tulipobishana. Niliiamini kwa muda mrefu, maana ilikuwa na akili ndani yake.

Alikuwa mwembamba, mrefu, na shati lake lilifungwa vifungo vyote hadi shingoni hata jua likiwaka. Aliandika kwanza kwenye kaye, daftari lake, kwa kalamu ya bik ya bluu, mistari miwili miwili, kisha ndipo aje kwenye mashini, na alichapa kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika goti. Dukani hakukuwa na rezo, yaani mtandao. Tukimaliza, tulinakili kila kitu kwenye simu yangu, tukapanda kilima cha nyuma ya parokia hadi penye jiwe ambapo simu hushika, tukasimama hapo na watu wengine waliokuja kuongea na ndugu zao wa Goma. Wao walisema salamu, bei ya ng'ombe, nani kaoa. Sisi tulituma popo.

Neno lake lilikuwa "ikomae kwanza". Alilitumia kwa maharagwe, kwa hoja, kwa jipu. Kijana mmoja mwenye moto, yaani pikipiki, mbili za kubeba abiria alipokuja kuniposa, baba alimwomba Prof ushauri, maana alimwona mtu msomi. Prof alimtazama yule kijana kuanzia viatu, akamuuliza anajua nini juu ya uhai wa nyuki, kijana akasema anajua asali. Prof akamgeukia baba: "Papa, ile ndoa ikomae kwanza." Ndoa hiyo haijakomaa hadi leo, na yule kijana sasa ana lori. Nimeshamsamehe Prof, lakini si kila siku.

Mtu angedhani mwenye sheria kama ile hapendi vitoto. Kinyume chake. Darasa lake lilikuwa na chupa dirishani, na ndani ya chupa viluwiluwi. Aliwaleta wadogo kabisa, akawalisha majani yaliyochemshwa, na mguu wa kwanza ulipochomoza aliwarudisha mtoni siku hiyohiyo. Miaka minne sikuona hata mmoja akiwa chura mbele yetu. Akilima, alirukaruka shambani kama mtu mwenye mwiba, asije akakanyaga mche wa maharagwe ya jirani. Ndama akizaliwa kwenye malisho ya mlimani, wachungaji walimtumia habari, naye alikwenda, akasimama kwenye uzio, akatazama tu. Nilimuuliza siku moja anatazama nini. Akasema, "Minaangalia ginsi anasimama." Kisha akarudi dukani akafuta mistari miwili juu ya ndama, akisema ni mirefu mno.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili liliwaogopesha wanafunzi. Akiita majina asubuhi kwa mpangilio wa herufi, Prof alikwenda mbio, jina, "Present", jina, "Present". Lakini katika kila darasa, kila mwaka, akifika baada ya Esperance na kabla ya Gentille, alisimama. Hakuinua macho. Ilikuwa kitambo cha mtu mmoja kuitika, si zaidi. Kisha aliendelea. Wenzangu walisema pale anaitwa mzimu, na msichana aliyekaa dawati la karibu na mlango alihama baada ya wiki moja. Mimi nilicheka nao. Lakini nilikuwa nikijikuta, kitambo kile kikifika, nimeshika pumzi nasubiri sauti.

Mwanamke aliyetuvuruga alitoka Ntoto. Nitamwita Mama wa Ntoto, ndivyo tulivyomwita. Alikuja mara mbili au tatu kwa mwaka, sehemu kwa miguu na sehemu kwa moto, na mzigo wa viwavi vikavu, akauza sokoni, akanunua kwangu chumvi na sabuni za kurudi nazo. Viwavi vyake havikuwa vile vya kawaida. Vilikuwa vyeusi, vyenye mstari mwekundu ubavuni, na ladha yake ukionja utakumbuka moshi na karanga. Siku hiyo Prof alikuwa kwenye stuli. Akachukua kimoja, akakigeuza, akavaa miwani.

"Mama, hii inakaaka ku muti gani?"

"Ku muti moja tu, Prof, ile yenye ukiikata inatoka maziwa. Mvua ikinyesha mara ya tatu, inashuka yote siku moja. Ukichelewa, hautapata ata moja."

"Na mukubwa yake?"

"Mukubwa gani?"

"Kile inageuka."

Mama wa Ntoto alicheka hadi akashika meza. "Ah! Ile sijue. Sisi tunakulaka mbele igeuke. Na yenye tunaachaka, inaingia mu udongo. Kisha pale, Mungu njo anajua."

Prof alimwomba alete vilivyo hai safari ijayo. Alivileta, sita, kwenye kopo lenye matundu na majani ya mti wake. Vinne vilikufa njiani. Viwili viliingia kwenye udongo wa chupa aliyoiweka dirishani, na havikutoka. Mwezi, miezi mitatu, mwaka. Prof aliunyunyizia maji ule udongo kila Jumatatu. Mkurugenzi mpya wa shule alipotaka kuitupa chupa, kulitokea ugomvi ambao shule nzima ilisikia, na ni mara pekee niliyojua Prof amepaza sauti. Alitafuta kwenye kila kitabu, aliandika kwa watu wa vyuo vya mbali, wakamjibu kwa adabu kwamba kiwavi hicho hawakitambui na nondo wake hawamjui.

Nami hapo ndipo nilipopata pa kumshikia. Niliandika ukurasa wa kiwavi cha Ntoto: mti wake, mvua yake ya tatu, mstari mwekundu, namna wanawake wanavyokikausha. Kila neno lilitoka kwa Mama wa Ntoto. Prof akaufuta. Nilifunga duka mchana, nikamfuata hadi shuleni, nikamkuta anasahihisha kazi.

"Prof, mpose ulianza kuila mwaka gani?"

"Tangu utoto."

"Na ule mududu mukubwa yake, ulishaka muona?"

"Nilimuona mu kitabu."

"Basi! Bantu ya Walikale bote banajua mutoto, hakuna mwenye anajua mukubwa. Unafuta kile banajua, unabakisha kile habajue. Na hii ya Ntoto, mukubwa yake hakuna ata muntu moja mu dunia alishaka muona. Sasa ile tuandike wapi? Ku ukurasa ya nani?"

"Tungoje."

"Tungoje nini? Banakata ile miti. Mama wa Ntoto akikufa, na kiwavi ikikwisha, tutangoja nani?"

Aliweka bik chini. Nilikuwa nimekasirika, na nilimwambia kitu ambacho nikikikumbuka nasikia aibu mpaka kwenye masikio. Nilimwambia hana huruma, kwamba anawapenda watoto wa kutazamwa tu. Hakujibu kwa hasira. Alisema polepole, kama anayemweleza mwanafunzi mgumu:

"Mama Butiki, ukimupa mutoto ukurasa yake peke yake, unasema amebakia pale. Umemufungia mulango. Akikaa ku ukurasa ya mukubwa, angali njiani. Angali anakuja."

Niliona ni maneno ya mzee tu. Nilipanda kilimani, nikamwandikia mwalimu wa Bukavu, naye akalifungulia jambo hilo mjadala kwenye ensaiklopidia: je, viumbe wachanga wapewe kurasa zao au wasipewe? Waandishi wote isipokuwa Prof tulipiga kura. Zikalingana. Kura iliyobaki ilikuwa ya Prof, na bila kura yake, na bila ufunguo wake, sheria ingekaa ilivyo. Tuliingoja. Akija dukani nilimuuliza, akasema bado anafikiri. Mwaka ulipita anafikiri, naye akawa anakunywa chai yangu bila haya.

Mama yangu ndiye aliyenifungua macho. Nilikuwa nalalamika jikoni kwamba Prof ana kichwa kigumu, na kwamba ati kiumbe mchanga akipewa ukurasa amefungiwa mlango. Mama aliacha kukoroga ugali. Akaniuliza kama kweli alisema hivyo, kwa maneno hayo. Kisha akaketi, akaniambia yaliyotokea nikiwa mtoto wa mgongoni.

Vita ilipofika Masisi wakati ule, watu walikimbia kwa njia mbili. Wengine walishuka Sake. Familia ya Prof ilikwenda upande wa msitu, njia ya Ntoto, na watu wengi sana katika mstari mmoja, kwa sababu kinjia ni chembamba. Prof alikuwa mbele na mdogo wa mwisho mabegani. Mke wake alikuwa nyuma na mzigo. Kati yao alikuwa binti yao wa miaka kumi na mmoja, Furaha, na sufuria kichwani. Kwenye kivuko cha mto kulitokea milio, mstari ukakatika, watu wakaingia msituni kila mmoja na upande wake. Walipokusanyika tena siku ya tatu Furaha hakuwepo. Hakuna aliyemwona amekufa. Hakuna aliyemwona hai. Hata sufuria haikuonekana.

Walirudi baada ya miezi. Ndugu walitaka matanga. Kwetu matanga ndiyo yanayoruhusu watu kusema: wanaketi, wanalia, wanakula pamoja, na baada ya hapo jina la marehemu linaweza kutajwa bila mtu kushtuka. Prof alikataa. Alisema hawezi kumkalia matanga mtu aliye njiani. Kwa hiyo hakuna aliyejua aseme nini. Kumtaja kama marehemu ilikuwa kumtukana baba yake, na kumtaja kama mzima ilikuwa kumtesa mama yake. Jina likaachwa. Kila mwaka, wiki ileile, Prof alipeleka nia ya misa parokiani, na katekista aliisoma kama ilivyoandikwa: "Kwa ajili ya wasafiri wote." Nimeisikia tangu utoto na nilidhani ni ya madereva wa lori. Mama alisema kanisa zima liliinamisha vichwa, isipokuwa sisi tuliokuwa wachanga wakati ule.

Na kuna safari ya Omate, ambayo mama aliisimulia kwa kunong'ona ingawa tulikuwa peke yetu. Mchimbaji mmoja alirudi kutoka machimbo ya Omate akasema amemwona huko mwanamke anayewapikia wachimbaji, amefanana na watu wa nyumba ya Prof kwa kila kitu, hata mwendo. Prof hakumwambia mke wake. Alichukua likizo, akaenda, sehemu kwa lori na sehemu kwa miguu siku nyingi. Alimkuta yule mwanamke. Alikaa kwenye benchi lake, akala maharagwe yake, akamtazama. Hakuwa yeye. Mwanamke yule alimuuliza, "Papa, unatafuta nani?" Prof akasema anatafuta njia ya kurudi. Aliporudi aliandika ukurasa mrefu juu ya mti wa muvula, na huo ukurasa bado uko, ni mzuri sana.

Baada ya kuyajua hayo sikumuuliza tena habari ya kura. Nilimpa chai. Nilimwogopa kidogo, nakiri. Alipokuwa amekaa dukani na kikundi cha wasichana wa shule kikapita barabarani, niliona sasa jambo ambalo lilikuwepo siku zote: macho yake hayakuwafuata wasichana. Yaliruka juu yao, yakatafuta wanawake walionizidi miaka kama kumi, waliobeba watoto mgongoni. Alimtafuta Furaha mkubwa. Kila mwanamke mgeni sokoni, kila mpita njia mwenye shingo ndefu, alimtazama uso, akauacha. Nilianza na mimi kuwatazama. Sikupenda kazi hiyo lakini sikuweza kuiacha.

Vita iliporudi sote tulitoka. Sitaeleza mengi, kila mtu wa kwetu ana yake. Baba alikuwa ameshakufa, mama tulimshusha Goma kwa moto, paneli za sola ziliporwa, mashini niliizika kwenye gunia la maharagwe na sijui ililiwa na nani. Nikabaki na simu. Ensaiklopidia ilikaa kimya, kila mmoja akiwa na yake ya kuhangaikia, na kura ilibaki palepale. Nikasikia kwamba mke wa Prof amezikwa njiani, na kwamba yeye yuko Sake, kwa mpwa wake, kwenye chumba cha mbao.

Nilikwenda asubuhi moja kavu. Barabarani malori yalikuwa yakielekea Mubambiro na vumbi jeusi la mawe ya volkeno likiruka hadi milangoni. Nilimkuta ameketi kwenye kidumu cha njano kilichogeuzwa, shati limefungwa vifungo vyote, lakini ndani ya shati alikuwa amebaki nusu.

"Mama Butiki," akasema. "Karibu. Ikala. Butiki iko wapi?"

"Niko nayo mu mufuko, Prof." Nikamwonyesha simu. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo.

Nilimletea sukari na dawa ya kifua. Tuliongea juu ya watu, nani yuko wapi. Sikutaja kura. Yeye ndiye aliyeanza, huku anatazama barabara.

"Wiki iliyopita nilimuona hapa ku njia. Mwanamuke, na mutoto mu mugongo. Nikamuita jina. Akageuka. Haikuwa yeye."

"Pole, Prof."

"Ngoja. Haikwishe. Niliketi hapa, nikasema basi, leo nimukumbuke ule mutoto, ginsi alikuwa. Sura ile ya miaka kumi na moja. Nikafunga macho." Lori likapita. "Haikukuja, Mama Butiki. Inakuja tu ile ya mwanamuke nilitengeneza miye mwenyewe. Kila mwaka nilimuongeza mwaka moja. Nikamupa bwana. Nikamupa sauti ya mama yake. Nikamukomalisha mu kichwa mpaka mutoto akabakia nyuma. Minamupoteza mara ya pili, na hii mara ya pili ni miye."

Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Yeye hakulia, alikuwa na haraka, na nilijua haraka ile, ni ya mtu anayeona maji yanaingia nyumbani na anachagua cha kuokoa.

"Rezo iko?" akauliza.

Ilikuwepo. Sake simu hushika popote, hakuna haja ya kupanda mahali. Alinitajia neno la siri, herufi moja moja, nikafungua. Kura yake iliandikwa kwa kidole changu: ndiyo, wachanga wapewe kurasa zao. Kisha akaniambia niurudishe ule wa Ntoto. Ulikuwa haujapotea, ulikuwa umewekwa pembeni tu miaka yote hiyo. Niliurudisha, akanisikiliza nikiusoma, akasahihisha jambo moja juu ya majani. Nilidhani tumemaliza.

"Fungua ingine," akasema.

Nikafungua ukurasa mweupe. Ensaiklopidia ina vichwa vyake ambavyo lazima vijazwe, navyo alivijua kwa moyo, ndiye aliyevitunga. Nilimuuliza jina la kiumbe. Akanitajia jina. Kidole changu kikasimama, kisha kikaandika.

"Kimo?"

Akasimama kwa shida, akaweka kiganja kwenye mbavu zake za chini. "Ananifikia hapa. Kofia haimo."

"Alama?"

"Jino ya mbele, ya kuume, imevunjika kidogo. Alianguka ku ngazi ya kanisa. Ku goti kovu ya jembe."

"Chakula?"

"Viazi vya kuchoma. Mboga ya sombe hapendi, anaificha chini ya sahani, anafikiri hatumuone." Akatabasamu, na nikaona uso wake umebadilika, kitu kilikuwa kinamrudia. "Andika ile ya kuficha."

"Sauti?"

Midomo ilikuwa inasogea. "Anaimbaka akiosha vyombo. Maneno hayajue, anaimba bila maneno."

"Makazi?"

"Masisi. Nyumba ya tatu kisha parokia."

"Ameonekana mwisho wapi?"

"Njia ya Ntoto, mbele ya kivuko. Eko na sufuria ku kichwa. Anageuka kuangalia kama mama yake anakuja." Akarudia polepole, kwa mshangao, kama mtu aliyepewa kitu mkononi. "Anageuka. Njo ile sura. Njo ile kabisa."

Kilibaki kichwa kimoja cha kujaza, ambacho kwa kiumbe mchanga hakiwezi kuachwa wazi: mkubwa wake ni nani. Sikuweza kukitaja. Aliona nimeduwaa, akainama kwenye simu, akasoma mwenyewe bila miwani.

"Andika, haijulikani," akasema. "Usiandike hakuna. Haijulikani."

Niliandika, nikatuma. Alifunga macho akaegemea mbao, na safari hii hakukunja uso. Nilikaa naye hadi mpwa wake aliporudi kutoka sokoni. Neno la siri hakutaka kulibadilisha. Alisema nibaki nalo, yeye hana cha kufuta tena.

Prof alikuwa na wiki mbili tangu azikwe, hapo hapo Sake, mwalimu wa Bukavu aliponiandikia kwenye ukurasa wa mjadala. Alifurahi juu ya kiwavi cha Ntoto. Tayari kulikuwa na kurasa tisa za wachanga, na mtu alikuwa ameurudisha hata mpose wangu. Lakini, akasema, kuna ukurasa mmoja haelewi. Ni wa mtu mmoja, si wa aina ya kiumbe. Ensaiklopidia yetu haiandiki mtu mmoja mmoja, sheria hiyo iko wazi na Prof mwenyewe aliiandika. Aliuliza kwa adabu kama mwenye ufunguo anaweza kuufuta.

Alikuwa na haki, na angekuwa Prof yule wa zamani angeufuta kabla chai haijapoa. Niliusoma tena wote, jino, sombe, nyumba ya tatu, mpaka mstari wa mwisho. Kisha nikamjibu: "Uacheni. Huyu bado anatafutwa."